Umefuatwa mkoani kuja kufanya kazi ya muda Dar? Shika mkataba wako kabla hujapanda basi

Mara ya kwanza kuingia Dar es Salaam niliingia nyuma ya Fuso, tukiwa vijana kumi na wawili kutoka Manyoni. Aliyetufuata alikuwa foromani, mtu wa kwetu, tukimwita kaka. Alituambia saiti ipo, pa kulala papo, malipo ni ya siku, na jengo likiisha kila mtu anarudishwa kwao. Tulimwaga zege miezi mitano kule Tegeta. Siku moja asubuhi tukakuta geti limefungwa na simu ya foromani haipatikani. Mwenye kampuni alipopatikana alisema hatufahamu, sisi ni watu wa foromani. Nilifika nyumbani siku ya arobaini, kwa nauli aliyonichangia mama ntilie ambaye bado nilikuwa nadaiwa chakula kwake.

Mwaka uliofuata ndipo nilipojua kwamba nauli ile ilikuwa haki yangu kisheria, pamoja na posho ya zile siku arobaini. Nilikuwa nimechelewa kudai. Leo ninasaidia watu wenye matatizo ya kazi huku Temeke, na bado naletewa kesi ileile: kijana amefuatwa Kigoma, binti amefuatwa Iringa, kazi imeisha, na kwenye karatasi aliyosaini pameandikwa kwamba aliajiriwa Dar es Salaam.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Ukiwa umekuja mwenyewe mjini na kuomba kazi getini, mengi humu yanakuhusu pia, isipokuwa habari ya kurudishwa kwenu. Sheria ninayoitumia ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo. Zote mbili ni za Tanzania Bara. Ukipelekwa Unguja au Pemba, kule wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005, usichanganye.

Hatua ya 1: Ukiwa bado kwenu, tengeneza ushahidi wa mahali ulipoajiriwa

Sheria inasema hivi: ajira ikikoma mahali ambapo si pale ulipoajiriwa, mwajiri anatakiwa kukusafirisha wewe na mizigo yako hadi ulipoajiriwa, au kulipia usafiri huo, au kukupa posho ya usafiri isiyopungua nauli ya basi hadi stendi iliyo karibu na kwenu. Akichagua kukupa posho, anatakiwa pia kukupa fedha za kujikimu kila siku, kuanzia siku ajira ilipokoma hadi siku unaposafirishwa. Kanuni za mwaka 2017 zinapima fedha hizo za kujikimu kwa mshahara wako wa msingi wa siku.

Sasa, “kuajiriwa” hapa maana yake si mahali uliposaini. Ni mahali ulipofuatwa na kuombwa uje kufanya kazi, iwe na mwajiri mwenyewe au na mtu aliyemtuma. Foromani aliyekuja kijijini kwa kutumwa ni mkono wa mwajiri. Dalali wa wadada wa kazi aliyetumwa na mama wa Mbezi Beach ni mkono wa mama huyo. Kwa hiyo kama maneno yalifanyika Kibondo, umeajiriwa Kibondo, hata kama karatasi ulisainishwa kwenye kontena la ofisi pale Chang’ombe.

Shida ni kuthibitisha. Maneno ya chini ya mwembe hayana muhuri. Fanya haya kabla ya safari:

Mtumie aliyekufuata ujumbe wa simu, usiishie kuongea tu. Unaweza kuandika hivi: “Shikamoo kaka. Nathibitisha nitakuja na wenzangu Jumatatu kwenye kazi ya ujenzi Dar uliyotuambia jana hapa Kibondo. Malipo 12,000 kwa siku, malazi juu ya kampuni, na kurudishwa kazi ikiisha. Naomba unijibu kama ni sawa.” Akijibu “sawa” tu, umepata ushahidi mzuri kuliko mashahidi watatu. Usifute ujumbe huo, na ukibadilisha simu hakikisha umeupiga picha kwanza.

Pita kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa akuandikie barua ya utambulisho inayosema unakwenda Dar kufanya kazi kwa nani, umefuatwa na nani, tarehe gani. Watendaji wetu wamezoea kuandika barua za utambulisho, kwa hiyo hataona ajabu. Acha nakala moja nyumbani.

Tunza tiketi ya basi. Kama mwajiri ndiye aliyetuma nauli kwa M-Pesa au Airtel Money, ule ujumbe wa muamala una jina lake, kiasi na tarehe. Kwangu mimi hicho ni kipande cha ushahidi chenye nguvu sana, kwa sababu mtu hamtumii nauli mtu asiyemfahamu.

Na kama aliyekufuata ni wakala wa ajira, yaani mtu au kampuni ambayo kazi yake ni kutafutia watu kazi, mwombe leseni yake. Anayekwepesha mazungumzo ukitaja leseni, muache aende na gari lake.

Hatua ya 2: Siku ya kwanza, jua mwajiri wako ni nani hasa

Hili watu wengi hulidharau. Kwenye saiti kuna mwenye jengo, kuna mkandarasi, kuna mkandarasi mdogo, kuna fundi mkuu, kuna foromani. Ukiuliza “nani bosi?” utaoneshwa mtu aliyevaa kofia nyeupe, ambaye mwezi ujao atakuwa saiti nyingine.

Saiti iliyosajiliwa huwa na bango kubwa la kutambulisha mradi, lenye jina la mkandarasi, mshauri na mwenye mradi. Lipige picha siku hiyohiyo, kabla halijang’olewa wala kufunikwa na mabati. Kiwandani andika jina lililoko getini na lililoko kwenye kitambulisho chako, kwa sababu wakati mwingine kiwanda ni cha kampuni moja na vibarua wameletwa na kampuni nyingine. Kwa mdada wa kazi, andika jina kamili la mwenye nyumba, mtaa, namba ya nyumba, na jina la mjumbe wa shina. Kesi ikifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani pale madai ya kazi yanapopelekwa, swali la kwanza ni unamdai nani, na “mama Junior” hawezi kupelekewa wito.

Hatua ya 3: Omba maelezo ya kazi kwa maandishi, na usome mstari wa mahali

Mwajiri anatakiwa kukupa maelezo ya ajira kwa maandishi unapoanza kazi. Yanatakiwa kuwa na jina lako, umri, anuani ya kudumu na jinsia, mahali ulipoajiriwa, kazi utakayofanya, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, malipo, namna yanavyokokotolewa, na mafao mengine kama chakula au malazi. Kama hujaelewa yaliyoandikwa, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha unaelezwa kwa namna unayoielewa. Ukiletewa mkataba wa Kiingereza na hukijui, hiyo ndiyo kinga yako. Usione haya kuitumia.

Naomba usimame kwenye ule mstari wa mahali ulipoajiriwa. Kampuni nyingi zina fomu moja ya watu wote, na mstari huo umeshachapwa “Dar es Salaam” kabla hata hujafika. Karani hafikirii chochote, anakupa kalamu. Ukisaini ulivyo, utakuja kupambana na saini yako mwenyewe siku ya kudai nauli. Mwambie kwa heshima: “Bosi, mimi nilifuatwa Kasulu, naomba hapa parekebishwe.” Akikubali, akate, aandike Kasulu, na nyote wawili msaini pembeni. Akikataa na wewe unaihitaji kazi, andika kwa mkono pembeni ya saini yako “niliajiriwa Kasulu, Kigoma”, kisha piga picha ukurasa wote. Si dawa kamili, lakini inaonesha kwamba hukukubali.

Mstari mwingine wa kuangalia ni aina ya mkataba. Kuna mkataba usio na kikomo, kuna wa muda maalumu na kuna wa kazi maalumu. Wewe wa saiti mara nyingi utapewa wa kazi maalumu, na hapo hakikisha kazi yenyewe imetajwa: “kujenga ghorofa ya 1 hadi ya 4” ni kazi maalumu. “Kazi zozote utakazopangiwa hadi kampuni itakapoona inafaa” ni maneno ya kukufanya usijue umefika wapi.

Na usipopewa karatasi yoyote? Hapa sheria imekuwa na huruma. Ukifika mgogoro na mwajiri akashindwa kuonesha mkataba wala maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti unayodai unakuwa wake. Ukisema mlikubaliana 12,000 kwa siku, yeye ndiye wa kuonesha kwamba ilikuwa 8,000. Kwa hiyo kukosa karatasi hakukuondolei haki. Kunakuongezea tu kazi ya kutunza kumbukumbu zako.

“Wewe si mfanyakazi, wewe ni kibarua”

Utaambiwa neno hili, na litasemwa kwa sauti ya mtu anayejua. Lijibu ukiwa unajua na wewe.

Sheria ya Taasisi za Kazi inamhesabu mtu kuwa mfanyakazi, bila kujali mkataba umeitwaje, kama lipo hata moja kati ya haya: unafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, saa zako zinapangwa na mwingine, wewe ni sehemu ya taasisi yake, umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kwa kipato, unatumia vifaa vyake, au unamfanyia kazi yeye peke yake. Ukipata moja, ni juu yake kuthibitisha kwamba wewe si mfanyakazi. Sasa fikiria kijana wa saiti: anaamka saa 11 alfajiri kwa ratiba ya foromani, anashika koleo la kampuni, anavaa kofia ya kampuni, hana kazi nyingine. Ana karibu yote.

Deiwaka anayelipwa kila jioni naye ni mfanyakazi. Tofauti ipo kwenye baadhi ya mafao na urefu wa notisi, haipo kwenye utu wake.

Hatua ya 4: Weka daftari lako mwenyewe

Nunua daftari dogo pale dukani. Kila jioni andika tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, kazi uliyofanya, kiasi ulicholipwa na nani alikulipa. Dakika mbili tu. Nimeona kesi ikigeuka kwa sababu ya daftari la kurasa 32 lenye madoa ya saruji, wakati kampuni ilikuja na karatasi safi iliyochapwa jana yake.

Vipimo vya kulinganishia daftari lako ni hivi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6 kwa wiki. Ukifanya kazi saa tano mfululizo una haki ya mapumziko ya dakika 60. Saa za ziada zinafanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Siku ya kutwa nzima, ziada ikiwemo, haizidi saa 12. Siku yako ya mapumziko ya wiki na sikukuu ukifanya kazi ni malipo mara mbili. Usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kuna nyongeza ya asilimia 5.

Kiwango cha chini cha mshahara kinatangazwa na serikali kwa amri ya mishahara, kila sekta na chake, na hubadilika, kwa hiyo usitegemee namba uliyosikia miaka miwili iliyopita. Ofisi ya kazi itakupa ya sasa.

Kuhusu likizo, utaambiwa mtu wa muda hana likizo. Ni kweli kwamba aliye chini ya miezi sita kwa kawaida hana likizo ya malipo. Lakini mfanyakazi wa msimu anayo haki hiyo, na aliyefanya kazi zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri yuleyule anayo ikiwa jumla ya vipindi vyake inazidi miezi sita. Ule mtindo wa kukuachisha mwezi wa tano na kukuita tena baada ya wiki mbili haufuti hesabu. Ndiyo maana tarehe za kwenye daftari ni mali.

Makato nayo yaandike. Kofia, buti, chakula, “nauli ya kukuleta”, koleo lililopotea: mwajiri hawezi kukata deni kwenye mshahara wako bila wewe kukubali kwa maandishi, isipokuwa makato yanayoruhusiwa na sheria. Kwa hasara au uharibifu kuna utaratibu: lazima iwe ilitokea kazini kwa kosa lako, uelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, upewe nafasi ya kupinga, na kinachokatwa hakizidi robo ya malipo yako. Foromani anayesema “toroli limepasuka, leo hakuna mtu kulipwa” anavunja sheria mbele ya watu wote.

Kwenye mifuko miwili uwe macho. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwako haikatwi zaidi ya 10, kwa hiyo ukiona makato nenda NSSF uulize kama yanafika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake. Ukikatwa hata shilingi ya WCF, si halali.

Ukiumia, toa taarifa kwa mwajiri siku hiyohiyo mbele ya mtu, na pigia picha mahali pa ajali. Hospitali mwambie daktari aandike kwamba umeumia kazini, usikubali kuandikiwa “ameanguka nyumbani” ili kampuni isisumbuliwe. Vijana wengi wa kutoka mikoani wanarudishwa kwao na mguu uliofungwa plasta na laki moja ya pole, na hapo kampuni inahesabu imemaliza. Pole si fidia. Dai lako WCF linabaki palepale, ila usilicheleweshe.

Kwa mdada wa kazi na wazazi wake

Hapa naomba wazazi wasome pia, kwa sababu mazungumzo ya kazi hii hufanywa juu ya kichwa cha binti.

Mfanyakazi wa nyumbani anahusika na sheria hii sawasawa na wa kiwandani. Ana saa za kazi, ana siku ya mapumziko, ana mshahara wa kima cha chini uliotajwa kwenye amri ya mishahara. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, hata kama ni mtoto wa ndugu na anaitwa “anakuja kusaidia watoto”.

Mshahara ni wake. Ile desturi ya kumtumia fedha shangazi aliyemleta, au dalali, kwa madai ya kumtunzia, ndiyo mlango wa wizi mwingi. Mama wa kijijini, mkubaliane na binti kwamba analipwa kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, halafu yeye ndiye atume nyumbani. Kila muamala unabaki kuwa kumbukumbu.

Kitambulisho cha NIDA na simu vikae kwake. Akinyang’anywa, akafungiwa ndani, akaambiwa hatoki mpaka “alipe nauli iliyomleta”, hilo limeshavuka mambo ya mkataba. Kazi ya kulazimishwa ni kosa la jinai, na kumsafirisha mtu kwa udanganyifu ili atumikishwe ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya mwaka 2008, hata akiwa amesafirishwa ndani ya nchi, kutoka Singida hadi Sinza. Hapo ni polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, au serikali ya mtaa. Mpe binti namba tatu za simu azikariri kichwani, zisikae kwenye simu tu.

CHODAWU ni chama cha wafanyakazi kinachogusa wafanyakazi wa majumbani na wa hoteli. Wa ujenzi wanaweza kwenda TAMICO, na wa viwandani TUICO. Kwa kinamama na mabinti wasio na uwezo wa wakili, Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu vimesaidia wengi hapa mjini.

Hatua ya 5: Kazi ikiisha, dai kwa orodha

Usiondoke na neno “tutawasiliana”. Ajira ikikoma, mwajiri anatakiwa kukulipa mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo uliyolimbikiza kama ipo, malipo ya notisi kama hakukupa notisi, kiinua mgongo kama unastahili, na usafiri. Anatakiwa pia kukupa cheti cha utumishi, karatasi ndogo itakayokusaidia saiti inayofuata.

Notisi: ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Baada ya hapo ni siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kiinua mgongo kinahitaji umetimiza miezi 12 mfululizo, na ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kikomo miaka 10. Wengi wa kazi za muda hawafiki huko, na sipendi kuwapa watu matumaini hewa.

Vilevile nikwambie wazi: kama umefanya kazi chini ya miezi sita, huwezi kudai kwamba uliachishwa isivyo halali. Lakini mshahara, notisi, saa za ziada na usafiri wako unaweza kuvidai hata ukiwa umefanya kazi mwezi mmoja. Watu wanachanganya mambo haya mawili na kukata tamaa bure.

Sasa hesabu ya usafiri. Tuseme ulifuatwa Singida, unalipwa 12,000 kwa siku, kazi ikaisha Ijumaa na mwajiri hakukusafirisha. Umekaa Buza siku 20 ukisubiri. Unadai nauli ya basi hadi stendi ya kwenu, kwa kiwango kilichoelekezwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, pamoja na mizigo yako, na posho ya kujikimu 12,000 mara 20, yaani 240,000. Kadiri anavyochelewa ndivyo inavyoongezeka. Waajiri wanaojua hesabu hii hukupeleka wenyewe stendi ya Magufuli pale Mbezi, na ukitokea kusini, Mbagala, wakakukatia tiketi jioni hiyohiyo. Ni nafuu kwao.

Andika barua ya madai ukurasa mmoja, orodhesha kiasi kimoja kimoja, taja siku saba za kukujibu, peleka nakala mbili na yako isainiwe kupokelewa. Wakikataa kusaini, tuma kwa simu pia. Ukisainishwa karatasi ya “nimelipwa stahiki zangu zote na sina dai” ili upewe elfu hamsini, soma mara mbili. Kama hukulipwa zote, usisaini zote.

Hatua ya 6: Ofisi ya kazi, kisha Tume

Kama kazi bado inaendelea na makosa ni ya wengi, kwa mfano saa za ziada hazilipwi au hakuna mikataba, anza na Afisa Kazi. Ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua vitabu na kutoa amri ya kumtaka mwajiri atekeleze. Si lazima jina lako litajwe mbele ya bosi.

Kama ajira imekwisha na unadai, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA. Hakuna ada ya kufungua shauri. Shika namba hizi mbili kuliko zote humu: siku 30 tangu kuachishwa kazi, ukilalamikia kuachishwa kwenyewe, na siku 60 tangu mgogoro kuanza, kwa madai mengine kama mshahara na usafiri. Siku zinahesabiwa tangu tukio, hazingoji umalize kubembeleza. Ahadi ya “njoo Jumatatu” imewamaliza watu wengi, nami nikiwa mmojawapo. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utatakiwa kueleza sababu nzito kwa kila siku uliyochelewa.

Fomu ya kufungulia ni CMA F1. Jina la mwajiri liandike kama lilivyo kwenye bango na kwenye usajili. Kwenye sehemu ya unachodai, andika kila kitu na kiasi chake: mshahara, notisi, saa za ziada, nauli, posho ya kujikimu, cheti cha utumishi. Usichokiandika hapo usitegemee kupewa baadaye. Mpelekee mwajiri nakala kwanza, asaini kwamba amepokea, ndipo uwasilishe Tume pamoja na uthibitisho huo.

Kwanza mtasuluhishwa, na kwa kawaida hatua hiyo ina siku 30. Msuluhishi hahukumu, anawasaidia mpatane. Jua mapema kiasi ambacho hutashuka chini yake, kwa sababu utakuwa na njaa na mwajiri atakuwa na noti mezani. Mkishindwana, shauri linakwenda kwa mwamuzi, ambaye anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake wa maandishi. Tuzo hiyo inaweza kutekelezwa kupitia Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kama hukumu ya mahakama.

Siku ya kuitwa, fika. Mlalamikaji asipotokea shauri linaweza kufutwa. Mwajiri asipotokea linaweza kutolewa uamuzi bila yeye.

Hapa ndipo mtu wa mkoani anapobanwa kuliko mwingine yeyote: shauri liko Dar, fedha ya kukaa Dar hana, na akirudi kwao analipoteza. Sheria inakuruhusu kuwakilishwa na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, wakili, au mtu uliyemchagua mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujapanda basi la kurudi, andika barua ya kumteua mtu huyo, taja namba ya shauri, saini, na umwachie nakala za daftari, ujumbe wa simu, picha ya bango na karatasi ya mkataba. Karatasi halisi nenda nazo wewe. Laini uliyoandika kwenye fomu ya Tume usiitupe wala usimpe mdogo wako, maana huko ndiko wito utakapokuja.